Laptopu inaona Wi-Fi za majirani wote, ya nyumbani kwangu haioni. Msaada wakuu

#1 NyotaYaJioni
Wakuu habari zenu. Hili jambo linaninyima usingizi na nina kazi ya kukabidhi Ijumaa.

Laptopu yangu inatumia Windows 10. Tangu Jumamosi jioni haioni kabisa Wi-Fi ya nyumbani. Siyo kwamba inagoma kuunganisha, jina lenyewe halipo kwenye orodha. Za majirani zipo nne, naziona. Hotspoti ya simu yangu naiona, ndiyo ninayotumia kuandika hapa na bando linayeyuka. Simu yangu, simu ya mama na televisheni zote zinaiona Wi-Fi ya nyumbani na zinafanya kazi vizuri tu.

Nimezima na kuwasha laptopu, nimezima na kuwasha ruta, nimefuta mtandao wa zamani kwenye kumbukumbu. Wapi. Shida ni nini?

#2 Kipepeo
Ngoja waje wataalamu. Naweka kambi hapa, maana yangu nayo inafanya hivihivi.

#3 Ngalawa
Dada, angalia alama ya ndege pale chini kulia. Pia kuna laptopu zenye kitufe cha kuzima redio ubavuni, au Fn pamoja na mojawapo ya vitufe vya juu. Mtu anagusa bila kujua.

#4 NyotaYaJioni
Asante mkuu, ndege imezimwa. Halafu redio ingekuwa imezimwa hata za majirani nisingeziona.

#5 JiweLaPembeni
Fungua CMD (lile dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika ipconfig /flushdns, kisha netsh winsock reset, washa upya. Imenisaidia mara nyingi.

#6 FundiWaya
Jiwe, umempelekea mwenye jino dawa ya tumbo. DNS kazi yake ni kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na kazi hiyo huanza kompyuta ikishaingia mtandaoni. Dada bado hajauona hata mlango.

Tukubaliane kwanza "kuona" ni nini. Ruta hujitangaza yenyewe. Kwa mpangilio wa kawaida, kila milisekunde 102.4, yaani karibu mara 10 kwa sekunde, inarusha tangazo fupi lenye jina lake, chaneli iliyopo (yaani njia yake ya mawimbi, kama stesheni ya redio), aina ya usalama na kasi inazoziweza. Kadi ya laptopu nayo inazunguka chaneli moja baada ya nyingine: inatega sikio hapa kidogo, inahamia pale. Kwa hiyo jina likikosekana kuna mambo matatu tu. Tangazo halifiki. Au linafika kwenye chaneli ambayo kadi haitegi sikio. Au linafika, draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, inashindwa kulisoma, inalitupa.

Dada, tuwekee majibu ya amri hizi mbili:

netsh wlan show drivers
netsh wlan show networks mode=bssid

Ya pili ifanye ukiwa umekaa pale unapofanyia kazi siku zote.

#7 Mkongojo
Wanangu, mimi naona kuna mtu kaingia kwenye ruta akaifungia laptopu yake kwa anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kadi. Ilinikuta. Simu zote zinapita, kompyuta haipiti.

#8 MtuWaRedio
Shikamoo mzee. Kufungiwa kwa MAC kunamzuia mtu kuingia, hakumzuii kuona. Tangazo analoeleza FundiWaya hapo #6 linakwenda hewani kwa kila mwenye sikio, ruta haichagui nani alisikie. Ungefungiwa ungeliona jina, ukibonyeza linakukatalia.

#9 Mkongojo
Marahaba. Kweli, sasa nakumbuka jina nilikuwa naliona. Endeleeni.

#10 BiShughuli
Yangu ilikuwa tofauti lakini huenda ikamsaidia mtu. Kila nikichomeka diski ya nje, Wi-Fi ya nyumbani inatoweka kwenye orodha. Nikiichomoa, baada ya sekunde chache inarudi. Nilihangaika miezi. Kumbe USB 3.0 inamwaga kelele za redio palepale kwenye GHz 2.4, masafa yanayotumiwa na Wi-Fi, na waya wa diski yangu ulikuwa hauna kinga nzuri. Intel walitoa waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012. Nikahamishia diski kwenye tundu la upande wa pili, tatizo likaisha. Dada, una kitu chochote umechomeka?

#11 NyotaYaJioni
BiShughuli, sina, ni kipanya tu. Nimekichomoa, hakuna tofauti.

FundiWaya, majibu haya hapa. Kadi ni ya Intel. Redio inazozijua: 802.11b, g, n, a na ac. Draiva ina tarehe ya mwaka 2016. Orodha ya majirani: mmoja yuko chaneli 1 nguvu 38%, wawili wako chaneli 6 nguvu 31% na 24%, wa mwisho chaneli 11 nguvu 20%. Ya kwetu haimo.

#12 Ngalawa
Mimi nilikuwa natayarisha kusema kadi yako haijui GHz 5, yale masafa mengine ya Wi-Fi, ruta imebaki kwenye GHz 5 peke yake. Lakini ukiona a na ac maana yake GHz 5 anaijua. Nimejijibu.

#13 JiweLaPembeni
Na GHz 5 inapenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo ingeonekana tu.

#14 MtuWaRedio
Kinyume chake, Jiwe. Mawimbi ya GHz 5 yanadhoofika haraka zaidi yakikutana na ukuta. Sifa yake ni nafasi pana na msongamano mdogo, hivyo kasi. Kwa kupenya, GHz 2.4 inashinda.

Dada, swali la muhimu: nini kilibadilika Jumamosi? Kitu chochote, hata kama unaona hakihusiani. Na pakua kwenye simu programu ya kupima Wi-Fi, utuambie ruta yenu iko chaneli namba ngapi.

#15 NyotaYaJioni
Hakuna kilichobadilika upande wa laptopu. Ila Jumamosi asubuhi fundi wa kampuni inayotuuzia intaneti alikuja akabadilisha ruta, ya zamani ilikuwa inapata joto sana. Hii mpya akaiwekea jina lilelile na nenosiri lilelile ili tusihangaike kuunganisha upya, ndiyo maana sikuitaja.

#16 FundiWaya
Dada yangu! Hilo lilistahili mstari wa kwanza wa uzi. Tumezunguka mji mzima kumbe mgeni yuko sebuleni.

#17 KisimaKirefu
Basi mimi nimeshaliona. Ruta mpya + draiva ya 2016 = 802.11ax, ile inayouzwa kwa jina la Wi-Fi 6. Matangazo ya ruta za ax yana vipande vya ziada ambavyo draiva za zamani hazivijui. Draiva iliyoandikwa vizuri inaruka kisichoeleweka na kuendelea. Baadhi ya draiva za Intel za wakati ule hazikufanya hivyo, zililitupa tangazo lote, na jina halikutokea. Siyo dhana yangu: Intel wenyewe waliweka taarifa kwamba kadi zao kadhaa zenye draiva za zamani zinaweza zisiione kabisa ruta ya ax, na dawa ni draiva mpya. Niliona kwa macho yangu ofisini, tulipofunga ruta mpya kompyuta tisa zikapofuka asubuhi moja, nyingine zote zinaona. Zile tisa zilikuwa za toleo moja.

Majirani zake wana ruta za zamani, ndiyo maana anaziona. Na hotspoti ya simu yake bila shaka siyo ax.

Dawa: shusha draiva mpya kupitia hotspoti, sakinisha. Kama huwezi leo, ingia kwenye ukurasa wa ruta uzime ax kwa muda.

#18 MtuWaRedio
Inawezekana sana, lakini nangoja namba ya chaneli.

#19 NyotaYaJioni
Nimepakua programu kwenye simu. Jina letu linatokea mara mbili. Moja GHz 2.4 chaneli 13, nyingine GHz 5 chaneli 100.

#20 MtuWaRedio
Hapo sasa! Tazameni hizo namba mbili.

Kwenye GHz 2.4, Marekani wanatumia chaneli 1 hadi 11. Ulaya na sehemu kubwa ya dunia 1 hadi 13. Japani waliongeza ya 14, tena kwa 802.11b peke yake. Laptopu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kuishia 11, zaidi ya hapo ni kiziwi. Chaneli 11 iko MHz 2462, 13 iko MHz 2472, tofauti ni MHz 10 tu lakini kwa kadi ya namna hiyo ni ng'ambo ya mto. Rudini #11: majirani wote wanne wako 1, 6, 6 na 11. Hakuna aliyevuka 11!

Na chaneli 100 ya GHz 5 iko kwenye eneo linaloshirikiwa na rada. Ruta haina ruhusa ya kurusha pale kabla ya kusikiliza angalau sekunde 60 kuhakikisha hakuna rada, na ikiisikia baadaye lazima ihame. Laptopu nayo hairuhusiwi kupiga hodi kwenye chaneli hizo, inangoja isikie tangazo kwanza. Kadi ikipita haraka, inalikosa.

Kwa hiyo ruta mpya imekaa mahali pawili, na pote ni pagumu kwa laptopu hii. Ya zamani pengine ilikuwa chaneli 6 miaka yote. Weka GHz 2.4 kwenye 1, 6 au 11 na uniambie.

#21 KisimaKirefu
MtuWaRedio nakuheshimu, lakini kadi nyingi za Intel za miaka ile hazina mpaka mgumu wa 11. Zinasikiliza msimbo wa nchi ambao ruta za karibu zinautangaza, kisha zinafungua chaneli zinazoruhusiwa hapo. Majirani wanne wanatosha kumwambia yuko wapi.

#22 MtuWaRedio
Zinasikiliza kama ruta za majirani zinautangaza msimbo huo, na nyingi hazitangazi au zinatangaza usio sahihi. Nimepima mwenyewe kwenye Linux kwa iw reg get, laptopu ile ile ikisogezwa chumba kingine inabadilisha nchi.

#23 Mkaguzi
Wakuu, mmezama sana kwenye vitabu. Mimi natengeneza laptopu kila siku ya Mungu, na kitu kimoja hamjakiuliza. Dada, kuna mtu ameifungua hiyo laptopu hivi karibuni?

#24 NyotaYaJioni
Kaka yangu aliifungua wiki iliyopita kusafisha feni. Ilikuwa Alhamisi au Ijumaa.

#25 Mkaguzi
Haya. Kadi ya Wi-Fi ni kipande kidogo, na juu yake kuna waya mbili nyembamba, kwa kawaida moja nyeusi na moja nyeupe. Hizo zinapita kwenye bawaba mpaka pembezoni mwa kioo, antena ziko huko. Mwisho wa kila waya kuna kofia ya duara ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, inakandamizwa juu ya kitufe cha rangi ya dhahabu. Ikikaa sawasawa utasikia "tik" kwenye ncha ya kidole. Ukivuta feni au ubao kidogo tu, kofia inaachia, na kwa macho bado inaonekana imekaa.

Waya zikiachia, kadi haifi. Inasikia vya karibu sana na vyenye nguvu tu. Nguvu za 38%, 31%, 24%, 20%: je, zamani zilikuwa hivyo?

#26 FundiWaya
Mkaguzi, hoja yako ina shimo. Ruta ya nyumbani iko karibu kuliko za majirani. Antena ikilegea angepoteza majirani kwanza, ya nyumbani ingebaki ya mwisho. Kwake ni kinyume. Dada, ibebe laptopu ukaiweke kando ya ruta kabisa.

#27 NyotaYaJioni
Nimeiweka juu ya meza moja na ruta, zinagusana. Haioni. Majirani wamebaki wawili tu huko.

Lakini Mkaguzi umenikumbusha. Huyo wa 38% tumepakana ukuta, na zamani alikuwa anajaza mistari yote kwangu. Nakumbuka kwa sababu jina la Wi-Fi yake lilikuwa linakaa juu ya la kwetu na nilikuwa nakosea kubonyeza.

#28 Mkaguzi
Mmesikia wenyewe. Jirani wa ukuta mmoja hashuki kutoka mistari yote hadi 38% bila sababu.

#29 FundiWaya
Labda jirani amehamisha ruta yake. Na juu ya meza moja hata kadi isiyo na antena ingeona. Basi ana matatizo mawili, na la antena silo linaloficha jina.

#30 Chanikiwiti
Mnaonaje tumwambie apige Windows upya? Nusu saa kazi imekwisha.

#31 BiShughuli
Chanikiwiti, mtu ana kazi ya Ijumaa! Na akishapiga upya, kama draiva ya Wi-Fi haimo atabaki bila hata hizo za majirani. Kabla ya hatua hiyo lazima uwe na draiva kwenye flashi.

#32 Ngalawa
Jingine dogo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima haizimi kikamilifu, inahifadhi sehemu ya mfumo ili iwake haraka. Kadi inaweza kuamka na uchovu wa jana. Shikilia Shift huku unabonyeza Shut down, ndipo inazima kweli. Kwangu hiyo ilimaliza kesi mwaka mzima nilipokuwa nadhani kadi imekufa.

#33 NyotaYaJioni
Nimefanya ya Shift. Bado.

#34 JiweLaPembeni
Nje ya mada kidogo, mnajua Wi-Fi ni kifupi cha Wireless Fidelity?

#35 MtuWaRedio
Siyo kifupi cha chochote. Jina lilibuniwa mwaka 1999 na kampuni ya Interbrand kwa ajili ya chama cha watengenezaji, kwa sababu "802.11b" ilikuwa haitamkiki dukani. Chama chenyewe kwa muda kilitumia tangazo lenye hayo maneno uliyoyasema, ndipo watu wakaamini ni kirefu chake.

#36 JiweLaPembeni
Leo nimepigwa kila upande, ila nimejifunza. Asante mkuu.

#37 Kipepeo
Samahani naingilia uzi wa dada. Yangu nimeifanyia yote: ruta iko chaneli 6, siyo ax, laptopu haijawahi kufunguliwa. Simu inaona, laptopu haioni. Zamani ilikuwa ya ofisini, wakaniuzia. Naanzia wapi?

#38 KisimaKirefu
Ya ofisini? Andika:

netsh wlan show filters

Tuambie kilichotoka.

#39 Kipepeo
Uwii. Kuna orodha ya zilizozuiwa, imeandikwa jina "Nyumbani", ambalo ndilo jina la Wi-Fi yangu!

#40 KisimaKirefu
Basi hapo ndipo. Windows ina chujio: msimamizi anaweza kuzuia jina fulani lisitokee kwenye orodha, au kuzuia yote isipokuwa ya ofisini. Pengine mfanyakazi wa zamani alikuwa na Wi-Fi ya jina hilo hilo, wakamzuia. Fungua CMD kama msimamizi:

netsh wlan delete filter permission=block ssid="Nyumbani" networktype=infrastructure

FundiWaya, hapo #6 ulisema kuna mambo matatu tu. La nne ndilo hili: tangazo linafika, linasomeka, na Windows yenyewe inalificha.

#41 FundiWaya
Nakubali, nimesahihishwa. Nyota, na wewe endesha hiyo amri ya #38 kwa uhakika.

#42 Kipepeo
IMETOKEA! Miezi mitatu natumia waya kutoka ruta hadi mezani, kila anayepita anajikwaa. Mungu awabariki wote humu.

#43 NyotaYaJioni
Hongera Kipepeo, nimefurahi kama ni yangu. Kwangu orodha ya chujio ni tupu.

#44 NyotaYaJioni
Wakuu narudi na habari. INAONA! Naandika hapa kwa Wi-Fi ya nyumbani.

Jioni hii kaka amekuja akaifungua tena. Waya nyeupe ilikuwa imekaa upande, haikushika, akaikandamiza mpaka nikasikia hiyo "tik" ya Mkaguzi. Wakati yeye anafunga skrubu, mimi kwa simu nikaingia kwenye ukurasa wa ruta. GHz 2.4 nimeitoa kwenye otomatiki nikaiweka chaneli 6, kama alivyosema MtuWaRedio. Na nikazima ax, kama alivyosema KisimaKirefu. Tulipoiwasha jina letu likawa la kwanza kabisa kwenye orodha, na jirani wa ukuta amerudi 81%.

#45 Mkaguzi
81%. Sina la kuongeza.

#46 KisimaKirefu
Mkaguzi, hiyo 81% ni ya jirani, ambaye tangu mwanzo alikuwa anaonekana. Ya nyumbani imerudi kwa sababu ax imezimwa.

#47 MtuWaRedio
Au kwa sababu imetoka chaneli 13. Dada, umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, sasa hakuna anayeweza kujua. Mtafuta tatizo hubadilisha kimoja, anapima, ndipo anagusa kingine. Tafadhali rudisha kimoja kimoja.

#48 NyotaYaJioni
Mkuu nakuelewa kabisa, lakini mpaka Ijumaa sigusi hata kitufe. Nikishakabidhi nitapima, naahidi.

#49 BiShughuli
Usiguse! Kazi kwanza.

#50 NyotaYaJioni
Nimekabidhi, asanteni kwa dua. Vipimo hivi hapa.

Kwanza nimerudisha GHz 2.4 kwenye otomatiki. Ruta imejichagulia chaneli 1, laptopu inaona. Nimeizima na kuiwasha mara tano ili iende 13, haikwenda. Mara zote ni 1 au 11. Na sehemu ya kuchagua mwenyewe, namba zinaishia 11, hiyo 13 haimo. Hata sijui ilifikaje kule mwanzo.

Pili nimewasha ax. Jina la GHz 2.4 laptopu inaliona bado. La GHz 5 halionekani, na simu inasema GHz 5 iko chaneli 100 ile ile.

#51 MtuWaRedio
Ax imewashwa na 2.4 inaonekana. Kwa hiyo draiva inazisoma ruta za ax. Kilichokuwa kinaficha 2.4 ni chaneli 13, na kinachoficha GHz 5 ni chaneli 100.

#52 KisimaKirefu
Taratibu. Ruta nyingi zina swichi ya ax kwa kila bendi. Dada, uliwasha ya ukurasa gani?

#53 NyotaYaJioni
Ya ukurasa wa GHz 5. Nimeangalia sasa hivi, ukurasa wa GHz 2.4 una yake na bado imezimwa. Siku ile nilizima zote mbili.

#54 KisimaKirefu
Sasa mnaona? Bendi yenye ax haionekani, bendi isiyo na ax inaonekana. Hiyo ni draiva.

#55 MtuWaRedio
Au ni chaneli 100. Siku uliyozima ax zote mbili, GHz 5 uliiona kwenye laptopu?

#56 NyotaYaJioni
Majina yote mawili yanafanana, sikuangalia ilikuwa ipi. Nilifurahi tu jina limetokea.

#57 FundiWaya
Kipimo kimoja kinawaamua: GHz 5 iende chaneli 36, ax ibaki imewashwa. Ya 36 haina habari za rada. Ikionekana, MtuWaRedio kashinda. Isipoonekana, KisimaKirefu. Na baada ya hapo uyape majina tofauti, ya GHz 5 uongeze tarakimu 5 mwishoni, hutapotea tena.

#58 NyotaYaJioni
Nimejaribu. Upande wa GHz 5 sehemu ya chaneli ina rangi ya kijivu, haibonyezeki. Nimepiga simu kwa kampuni, wameniambia imefungwa kutoka kwao na hawabadilishi kwa ombi la mteja mmoja.

#59 Mkaguzi
Tusisahau waya nyeupe. Kabla ya kuibana hakuna aliyepima chochote.

#60 KisimaKirefu
Basi weka draiva mpya kutoka kwa Intel wenyewe, maana ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu mara nyingi umebaki na ile ya kale. Hifadhi draiva ya sasa kwanza, ikileta shida kwenye Device Manager kuna kitufe cha kurudi nyuma.

#61 NyotaYaJioni
Nitaifanya Jumapili kaka akiwepo, ax ikiwa imewashwa kwenye GHz 5 na bila kugusa kingine chochote. Nitaleta majibu hapahapa.

#62 Ngalawa
Sisi tupo. Jumapili saa ngapi?